Mkaguzi Aliyekataa Kiti

Kazi yangu ni kurudisha mafomu ya watu. Nimeajiriwa katika ofisi ya bima huko Richardson, Texas, na kutwa nzima ninapitia madai ya wagonjwa nikitafuta sahihi iliyosahaulika, tarehe iliyogeuzwa, kisanduku kilichoachwa wazi. Nikikuta kasoro, fomu inarudi ilikotoka ikiwa na barua fupi yenye adabu. Miaka kumi na moja ya kazi hii imenifanya niamini kwamba watu wako mafungu mawili, wanaosoma maelekezo na wasiosoma, na kwamba mimi ni mwenyekiti wa fungu la kwanza. Mume wangu ananiita mjuaji. Zamani alikuwa akiniita hivyo kwa utani.

Naliweka wazi hili mapema ili mtu asije akadhani niliharibu mambo kwa ujinga. Niliharibu kwa ujuaji.

Tulikuwa na nyumba ndogo ya vyumba vitatu huko Cedar Hill, tuliyoishi kabla ya kuhamia Mansfield. Mpangaji wetu wa mwisho alikuwa ameondoka, nyumba ikawa imefungwa, nami nilikuwa nikienda kila Jumamosi kufungua madirisha na kuusikiliza ukimya wake. Jumapili moja mume wangu akarudi kutoka kwenye mazoezi ya kwaya na habari. Mwanakwaya mwenzake, dada mmoja Mkongo, alikuwa na shangazi yake anayetafuta nyumba. Shangazi alikuwa na vocha ya nyumba, yaani serikali ingelipa sehemu kubwa ya kodi na yeye angemalizia kwa kadiri ya kipato chake. Ila nyumba yenyewe ilibidi kwanza ikaguliwe na kukubaliwa, na muda ulikuwa unamwishia.

Nikaenda kumwona. Mpwa wake alikuwa na fleti ya vyumba viwili, yeye, mumewe na watoto wanne. Sebuleni, nyuma ya kochi, ndiko alikokuwa yule mama na wajukuu wake wawili, wasichana wa shule ambao wazazi wao walikuwa wamefariki. Magodoro yao yalisimamishwa ukutani kila asubuhi ili watu wapate njia ya kwenda jikoni. Mama mwenyewe alikuwa mfupi, amevuka sitini, amevaa kitenge kilichopigwa pasi kwa ghadhabu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa lafudhi ya Kigoma iliyonishtua. Kumbe kabla ya kuletwa Texas alikuwa amekaa kule, kwetu Tanzania, katika kambi ya wakimbizi miaka kumi na minane.

"Kule kwenu," akasema akinitazama. Sikujua kama ananishukuru au ananilaumu, kwa hiyo nikatabasamu tabasamu linaloweza kutumika kwa yote mawili.

Karatasi zote za maisha yake zilikuwa katika mfuko mmoja wa nailoni, na barua ya vocha ilikuwa juu kabisa. Niliisoma mara mbili, ndiyo kazi yangu. Ilisema ameshaongezewa muda na hataongezewa tena. Zilikuwa zimebaki siku thelathini na nne. Zikipita bila nyumba kukubaliwa, vocha inarudi ofisini, na yeye anarudi kwenye foleni aliyoingoja miaka sita, foleni ambayo kwa sasa ilikuwa imefungwa, haipokei majina mapya. Wajukuu walikuwa wamepiga simu kwa wenye nyumba mpaka wakachoka. Hapa Texas mwenye nyumba anaruhusiwa kusema hapokei vocha, na wengi walikuwa wamelisema hilo kwa sauti tamu sana.

Nilikubali kabla sijamaliza chai. Tena nikaongeza maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka nikiwa peke yangu garini ninaona haya: "Usiwe na wasiwasi, Mama. Mambo ya fomu niachie mimi."

Usiku ule ule, nadhani ni kwa kujisifu, nikampigia dada yangu mkubwa anayeishi Houston. Dada ni muuguzi na amepangisha nyumba kwa watu wenye vocha kwa miaka mingi. Hupokea simu akiwa anaendesha gari na hapendi kukatizwa. Akanipangia mambo: niijaze fomu ya kuomba nyumba ikubaliwe, kila kisanduku, nirekebishe kila kitu chenye waya, bomba au bawaba, na siku ya ukaguzi nisiweke chochote ndani.

"Nyumba iwe empty," akasema. "Nisikilize mdogo wangu. Em-pty. Mkaguzi si mgeni. Anakuja ku-check stovu, madirisha na smoke alarm, hajaja kunywa chai. Umenisikia?"

Nikamwambia nimemsikia.

"Unajibu kama mtu ambaye hajasikia," akasema, na akakata simu kwa sababu alikuwa anaingia highway.

Fomu nikaijaza mezani kwangu, saa ya chakula cha mchana, kwa kalamu nyeusi, kwa mwandiko ambao ungeweza kuwekwa darasani. Baada ya wiki moja ikarudi. Ilikuja na barua fupi yenye adabu. Nilikuwa nimeacha wazi kisanduku kinachouliza nani atalipa maji. Mume wangu aliichukua ile barua, akaibandika kwenye mlango wa friji kwa sumaku, ikakaa pale mpaka mambo yote yakaisha. Nikajaza maji, nikairudisha mwenyewe hadi dirishani kwa mhusika, ofisi ikatupa tarehe ya ukaguzi, na kufikia tarehe hiyo zile siku thelathini na nne zingekuwa zimebaki kumi na tano.

Tuliifanyia kazi ile nyumba kila jioni. Mume wangu alifunga ving'ora vya moshi vipya katika kila chumba, akabadilisha soketi karibu na sinki, akaziba tundu ukutani ambalo mwanetu alilitoboa kwa kichwa miaka ile. Mimi nilikuwa nikipita nyuma yake na orodha, nikiweka alama. Kila plagi ilikuwa na kifuniko, kila jiko lilikuwa linawaka, kila dirisha lilikuwa linapanda na kushuka. Jioni ya mwisho tulisimama sebuleni na hapakuwa na kitu cha kurekebisha. Mama alikuwa ameniomba ufunguo ili aje asubuhi na mpwa wake kupiga deki, maana hakutaka nyumba atakayoishi ipigwe deki na mwingine. Nikampa. Sikuona ubaya.

Asubuhi ya ukaguzi niliomba ruhusa kazini, nikapita Cedar Hill mapema, alfajiri, kuhakikisha tu. Nikasimama mlangoni nikaitazama ile sebule. Ilikuwa tupu kabisa. Kuta nne na zulia la ukuta kwa ukuta, basi. Na nikawaza: mtu mzima, mgeni, anatoka ofisini kwake, anaendesha gari kwenye foleni yote ile, anaingia ndani, na hatuna hata mahali pa kumwambia keti. Mama yangu mzazi angeona hilo angelia. Nimekaa nchi hii zaidi ya miaka ishirini, ninalipa kodi, ninafanya barbeque, lakini kumpokea mtu akiwa wima sijajifunza.

Kwa hiyo nikaleta kiti. Kimoja tu, cha mbao, chenye mikono, kilichokuwa kwenye gari kwa sababu, sitadanganya, nilikuwa nimekipakia usiku. Nikakiweka katikati ya sebule. Kiti kimoja katikati ya chumba kitupu kinafanana na kituo cha polisi, kwa hiyo nikaleta na kimeza. Kisha nikaona jua la asubuhi litampiga machoni akiingia chumba kikubwa cha kulala, nikachukua pazia, ubao mwembamba na misumari minne, nikapigilia juu ya dirisha kwa kisigino cha kiatu maana nyundo alikuwa nayo mume wangu. Lilikaa vizuri sana. Nikarudi nyuma nikalitazama, nikajipongeza.

Mume wangu alipokuja alikiona kiti. Akaniuliza kama nimemsahau dada yangu. Nikamjibu kwamba kiti si fanicha, kiti ni adabu. Tukaondoka kwenda kununua betri za akiba, tukampisha Mama na mpwa wake wapige deki yao. Tulikawia dukani saa nzima na ushee, kwa sababu mume wangu hawezi kununua betri bila kulinganisha.

Tuliporudi, mtaani hapakuwa na pa kuegesha gari. Mlangoni kulikuwa na viatu. Nilivihesabu kwa mazoea ya kazi: jozi kumi na mbili, zimepangwa vizuri. Harufu ya samaki wa kukaanga ilitupokea kwenye njia ya gari.

Sebule yangu nisingeitambua. Kochi kubwa la nguo lilikuwa limeegemezwa kwenye mlango wa nyuma. Lilikuwa ni lile lile la mpwa, ambalo nyuma yake Mama alikuwa akilala. Waume wa wanakwaya walikuwa wamelileta kwa pikapu. Kila mgongo na kila mkono wa kochi ulikuwa umevishwa kitambaa cha kusokotwa. Palikuwa na maua ya plastiki, taa ya kusimama ambayo waya wake ulipita chini ya mkeka, na katika chumba cha pili vitanda viwili vimetandikwa, ili mkubwa wa ofisi aone watoto watalala juu ya kitanda. Kwaya ya akina mama ilikuwa imekaa, wamevaa sare. Jikoni kulikuwa na sombe, yaani kisamvu chao, fufu ya muhogo, samaki, na sambusa za kutosha harusi. Juu ya jiko, king'ora cha moshi kilikuwa kimevalishwa kofia ya plastiki ya kuogea, kwa sababu, mmoja wao alinieleza, kilikuwa kinapiga kelele na kuwaharibia mazungumzo.

Na katikati ya vyote hivyo, mahali pa heshima, kilikuwa kiti changu. Mama alikuwa amekiwekea kitambaa kizuri kuliko vyote.

Kabla sijafungua mdomo kengele ililia. Mkaguzi alikuwa mzungu mrefu wa umri wa kustaafu, mwenye buti, tableti na tochi kiunoni. Alikuwa amebonyeza kengele kisha akarudi nyuma hatua mbili, akangoja. Mama akawapita wote, akamfungulia mwenyewe. Kwaya ikasimama. Nilimwona yule mzee akiangalia namba ya nyumba ukutani, kisha tableti yake, kisha namba tena. Akauliza kama hii ndiyo nyumba ambayo imeandikwa kwamba haina mtu.

Kwaya ikaanza kuimba. Ulikuwa wimbo mfupi wa kukaribisha, beti mbili tu, na yeye akauvumilia hadi mwisho akiwa ameishika kofia yake kifuani. Kisha Mama akamwonyesha kiti. Akakataa, kwa upole. Mama akamwonyesha tena, akakataa. Mara ya tatu Mama alimshika mkono akampeleka hadi pale, na yeye akabaki wima kando ya kiti, uso umemwiva, akinieleza mimi kwamba kanuni haimruhusu kukaa wala kula chochote katika nyumba anayoikagua, na kama tafadhali ningemtafsiria mama huyu. Nikamtafsiria. Kwetu sisi mtu anayekuja nyumbani akakataa kukaa ameleta msiba. Niliona lile neno likipita usoni mwa kila mwanamke mle ndani, wakaanza kukaa mmoja mmoja, kimya.

Akaanza kazi. Aliuliza nani anaishi hapa, nikamwambia hakuna. Akavitazama vitanda vilivyotandikwa. Nikamweleza yote kwa mkupuo, na namshukuru Mungu alikuwa mtu wa kusikiliza, kwa sababu akasema kwamba angehitaji maelezo yangu kwa maandishi tu, kwamba vitu hivi vimeletwa leo na vinaondoka leo. Kuhusu kochi lililoziba mlango wa nyuma, akasema lisogezwe. Wanaume wanne wakalisogeza. Kuhusu ule waya chini ya mkeka, ukatolewa. Kuhusu kofia ya kuogea, aliitazama kwa muda, akaivua mwenyewe kwa vidole viwili, akabonyeza king'ora, kikalia, akaweka alama. Akaelekea vyumbani.

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata nafasi. Nilimvuta Mama jikoni nikamsema. Nilimsema kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu. Nikamwambia siku zimebaki kumi na tano, nikamuuliza hakuelewa kwamba nyumba inatakiwa iwe tupu, nikamuuliza kwa nini watu hawafuati maelekezo, nikamwambia akikosa nyumba hii asimlaumu mtu. Alikuwa ameshika sahani ya sambusa. Aliiweka sahani mezani, akaifunika na kitambaa, akainyoosha ile pembe ya kitambaa.

Mkaguzi akaniita kutoka chumba kikubwa.

Alikuwa amesimama mbele ya dirisha lenye pazia langu. Akaniomba nilifungue. Nikalisukuma juu. Halikwenda. Nikalisukuma kwa mikono miwili na kwa goti. Akasogea, akamulika tochi juu, na sote wawili tukaiona misumari yangu minne, iliyopita kwenye ubao, ikapita kwenye fremu, na miwili ikaingia moja kwa moja ndani ya dirisha lenyewe. Nilikuwa nimelipigilia dirisha la kutokea wakati wa moto. Mume wangu akaja na koleo. Akavuta msumari wa kwanza, ukatoka. Akavuta wa pili, na kioo kikapasuka kutoka pembe hadi pembe kwa mlio mwembamba.

Katika nyumba nzima, pamoja na kochi, kwaya na samaki, kitu kilichotuangusha kilikuwa hicho kimoja. Mkaguzi akaandika. Akaniambia kwa huruma kwamba mengine yote yangepita. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini siku ile kilichopasuka kilikuwa kioo tu.

Mume wangu alibaki kupakia kochi, nami nikamrudisha Mama kwa mpwa wake. Sahani ya sambusa ilikuwa mapajani mwake. Mimi ni mtu mgumu kuomba radhi. Mume wangu atakuambia. Lakini nilimwomba. Nilimwambia kwamba nimekosa, kwamba dirisha nililipigilia mimi, kwamba maneno yale ya jikoni yalinihusu mimi mwenyewe. Akasema hakukasirika. Nikamuuliza, kwa sababu kweli sikuelewa, kwa nini alihangaika vile kwa ajili ya mtu wa ofisi.

"Mwanangu," akasema, "miye tangu nilitoka Uvira niko mugeni tu. Miaka kumi na munane mu kambi, kule kwenu. Siku ya kuhesabiwa, bakubwa banakuja, banainua turubai, banaingia. Hakuna hodi. Uko unavaa, uko unalala, banaingia tu, banahesabu. Hapa pia, kwa mutoto wa kaka yangu, mulango si wangu." Akatazama nje. "Huyu muzungu alibonyeza kengele. Akangojea inje. Nikasema, leo na miye nimepokea mutu. Lazima akae."

Watu wale waliokuwa wakiinua turubai walikuwa watu wa kwetu, wenye lugha yangu na sare za nchi yangu, na kwa hakika walikuwa na orodha mkononi wakiweka alama, kama mimi. Mama akafungua kitambaa, akanipa sambusa. Nikala huku nikiendesha, huku machozi yananitoka, na ilikuwa na pilipili, kwa hiyo nilikuwa na kisingizio.

Ofisi ikatupa tarehe ya pili, na haikuwa na nafasi nyingine: siku ya mwisho kabisa ya vocha. Nilipomsimulia dada yangu ilibidi asimamishe gari pembeni ya barabara kwa kucheka. Alinifanya nirudie sehemu ya kisigino cha kiatu mara tatu. Halafu akaacha kucheka, akauliza huyo mama analala wapi sasa. Nikamwambia bado yuko nyuma ya kochi. Basi hakuniita mjuaji, jambo lililonitisha zaidi.

Kioo kipya kilifungwa na fundi, kwa sababu nilipigwa marufuku kushika kitu chochote chenye ncha. Siku ilipofika nyumba ilikuwa tupu kweli. Nilisimama sebuleni mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Mama nilimwomba asiingie, na akakubali, lakini hakukubali kukaa mbali. Alikaa ndani ya gari letu ng'ambo ya barabara, kitenge kimepigwa pasi, na kile kiti changu cha mbao kilikuwa nyuma pamoja na wajukuu, kimelazwa juu ya mapaja yao, kwa sababu alisema huwezi kujua.

Mkaguzi akabonyeza kengele, akarudi hatua mbili. Alipita chumba kwa chumba bila haraka. Aliwasha jiko, akamwaga maji, akabonyeza ving'ora. Chumba kikubwa alikiacha mwisho. Alilisukuma dirisha kwa kidole kimoja, likapanda hadi juu. Akanitazama, nami nikatazama zulia. Dakika kumi na nane zilipita, nilizihesabu. Kisha akasema imepita, na kwamba ataituma taarifa kabla ya ofisi kufungwa jioni ile.

Mlangoni akaniuliza yuko wapi yule mama wa kwaya. Nikamwonyesha gari. Akavuka barabara, akainama dirishani, na sikuwasikia, ila nilimwona akigusa kofia yake na Mama akimwonyesha kiti kule nyuma. Akatikisa kichwa tena, akicheka. Baadaye mjukuu mkubwa, ambaye hujibu Kiingereza hata ukimsalimia Kiswahili, aliniambia yule mzee alikuwa amemshukuru kwa wimbo. Miaka yote ya kazi yake hajawahi kuimbiwa.

Mkataba ulisainiwa, kila kisanduku, nikaukagua mara nne na mume wangu akaukagua mara ya tano. Wakahamia.

Nikawapa wiki mbili kabla ya kwenda. Nilikuwa na sababu: kiti changu kilikuwa kule, na nilikuwa na ufunguo wa akiba wa kisanduku cha barua wa kuwapelekea. Ilikuwa Jumamosi mchana. Niliegesha gari, nikatembea hadi mlangoni kwa mazoea ya miaka, ufunguo wa nyumba tayari mkononi. Nilishautia kwenye kitasa. Nikakumbuka. Nikauchomoa, nikautia kwenye pochi, nikabonyeza kengele, nikarudi nyuma hatua mbili.

"Hodi," nikasema.

Pazia lilicheza kidogo dirishani, kwa hiyo alikwishaniona mimi na gari langu. Hata hivyo hakufungua. Nilisikia kandambili zikienda polepole, zikisimama, zikirudi. Nilisimama juani, mwenye nyumba, kwenye ngazi zangu mwenyewe, nikingoja.

"Ni nani?" akauliza kutoka ndani.

"Ni mimi, Mama."

"Wewe nani?"

Nikajieleza: mimi ni fulani, mke wa fulani, nimekuja kukujulia hali. Akangoja kidogo tena, wala sikumlaumu. Ndipo nikasikia mnyororo ukitolewa, kisha komeo, kisha kitasa, kimoja baada ya kingine, bila haraka.

"Karibu," akasema Mama.

Sebule haikuwa na vitu vingi bado. Kiti kilikuwa palepale katikati, na kile kitambaa kizuri juu yake. Akanionyesha kwa mkono. Nikakaa, na habari ya kukirudisha nyumbani sikuitaja.